Ali Yupi, Tyson Yupi?

Ukitaka watu wa hosteli wakeshe bila kusoma, huna haja ya kuleta siasa. Tupa swali moja tu pale kwenye kimbweta: Muhammad Ali na Mike Tyson wakiingizwa ulingoni, nani anatoka na mkanda? Hapo hata yule jamaa wa Takwimu ambaye huwa hasemi na mtu atachomoa hedifoni na kudai nafasi ya kuzungumza.

Wapo wanaosema ubishi huu ni kupoteza muda. Hoja yao inaeleweka: Ali alipigana mara ya mwisho Desemba 1981, Tyson akaanza ngumi za kulipwa Machi 1985, hawakukutana na hawatakutana, sasa mnagombea nini? Mimi nasema ubishi una maana, tena kubwa, ila tunaubishia vibaya. Tunalinganisha watu wawili bila kusema tunawachukua wa mwaka gani, kwa sheria zipi, na kila mmoja alipewa nafasi gani. Na tabia hiyo, kwa bahati mbaya, haiishii kwenye masumbwi.

Tuanze na hoja inayopendwa kuliko zote vijiweni, ile ya "huyu kampiga yule, na yule kampiga huyu". Inakwenda hivi: Oktoba 1980 Larry Holmes alimtandika Ali mpaka kona ya Ali ikakataa kumrudisha ulingoni baada ya raundi ya 10. Januari 1988 Tyson akamlaza Holmes raundi ya 4. Kwa hiyo Tyson anampiga Ali, tukalale! Anayetaka kuongeza chumvi anamleta Trevor Berbick. Huyu alimshinda Ali kwa pointi katika lile pambano la mwisho la 1981, halafu Novemba 1986 Tyson akammaliza ndani ya raundi 2 na kuwa bingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 20 tu.

Inavutia, lakini haina miguu. Ali aliyepigwa na Holmes alikuwa na miaka 38, tena alikuwa ameshastaafu akarudi. Holmes aliyepigwa na Tyson naye alikuwa na miaka 38, akiwa amekaa nje ya ulingo karibu miaka miwili. Kwa hiyo hapo hujawalinganisha Ali na Tyson. Umethibitisha tu kwamba bondia wa miaka 38 akikutana na bingwa aliye kwenye ubora wake, anaumia. Hilo hata bibi yangu anajua.

Na hata mabondia wakiwa kwenye ubora wao, mnyororo huo unakatika. Joe Frazier alimshinda Ali kwa pointi Machi 1971. Ken Norton alimshinda Ali Machi 1973, na akamvunja taya juu yake. Halafu akaja George Foreman. Frazier alimwangusha mara sita ndani ya raundi 2, kule Kingston, Januari 1973. Norton naye hakuvuka raundi ya 2, Caracas, Machi 1974. Kwa hesabu ya kijiweni, Ali alipopanda ulingo wa Kinshasa Oktoba 30, 1974, alikuwa amejipeleka mwenyewe kuzikwa. Wakongo waliimba "Ali boma ye", lakini nje ya uwanja waliompa nafasi walikuwa wachache. Tunajua kilichotokea. Ali akaegemea kamba, akamwacha Foreman atupe ngumi mpaka mikono ikawa mizito, na raundi ya 8 akamlaza. Ngumi si hesabu ya kujumlisha. Mtindo wa mtu mmoja unaweza kuwa dawa kwa huyu na sumu kwa yule.

Kuna waliodhani mashine ndiyo ingemaliza ubishi. Mwaka 1969, Mmarekani Murray Woroner aliwachukua Ali na Rocky Marciano, bingwa aliyestaafu 1956 akiwa na mapambano 49 bila kupoteza hata moja. Takwimu zao zikaingizwa kwenye kompyuta, kisha wenyewe wakaigiza mbele ya kamera raundi fupifupi na miisho zaidi ya mmoja, ili filamu iunganishwe kufuata majibu ya mashine. Marciano alipunguza mwili na kuvaa nywele za bandia afanane na ujana wake. Filamu ilipoonyeshwa kwenye majumba ya sinema Marekani Januari 1970, Marciano alishinda kwa KO raundi ya 13. Mwenyewe hakuiona: alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 31, 1969. Je, ubishi uliisha? Wapi! Mashine ilijibu kwa kutumia namba ilizolishwa na watu, na watu ndio walioamua kabla namba ipi ina uzito.

Basi, kabla hujapandisha sauti, jibu maswali matatu.

Swali la kwanza: yupi? Maana Ali walikuwa wawili. Yupo Ali wa Novemba 1966 aliyemmaliza Cleveland Williams raundi ya 3, mwepesi wa miguu kiasi kwamba ngumi za mwenzake zilikuwa zinapiga hewa. Mwaka 1967 akakataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akavuliwa ubingwa na kufungiwa. Aliporudi Oktoba 1970 alikuwa na miaka 28, na miguu ile haikurudi naye yote. Ali wa Kinshasa ni huyu wa pili, aliyejifunza kuishi kwenye kamba kwa sababu hakuweza tena kucheza raundi nzima. Tyson nao wawili. Yupo wa Juni 1988 aliyemaliza kazi na Michael Spinks kwa sekunde 91, na yupo wa Februari 1990 aliyekuwa anatafuta kinga ya mdomo sakafuni Tokyo baada ya Buster Douglas kumlaza raundi ya 10. Ukisema "Tyson" tu, bado hujasema kitu.

Swali la pili: sheria za nani? Ali na Frazier walijiandaa kwa raundi 15. Baada ya kifo cha Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyeumia katika raundi ya 14 mwaka 1982, WBC ilishusha mapambano ya ubingwa hadi raundi 12, na vyama vingine vikafuata. Bondia anayemaliza watu mapema anapenda raundi 12. Mwenye pumzi ndefu anazitaka zile tatu za ziada. Uzito nao ni vilevile. Marciano alikuwa na kilo kama 84. Leo wasingemhesabu hata kwenye uzito wa juu. Angepangwa daraja linaloishia kilo 90 na ushee. Halafu mtu anamkutanisha na Tyson Fury mwenye urefu wa mita 2 na zaidi, anacheka, anasema "zamani hawakuwa na kitu". Umemwonea mtu kwa kumtoa kwenye darasa lake.

Swali la tatu ndilo tunaloliruka, na kwangu ndilo zito: nani alifungiwa mlango? Jack Johnson alipotwaa ubingwa wa uzito wa juu, Sydney, Desemba 1908, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufika hapo. Haina maana kwamba kabla yake hawakuwepo weusi wenye uwezo. Mabingwa weupe walikuwa wanakataa waziwazi kupigana nao. Johnson alipoupoteza mkanda 1915, hakuna mweusi mwingine aliyepewa pambano la ubingwa huo mpaka Joe Louis, Juni 1937. Miaka 22! Harry Wills alisubiri pambano na Jack Dempsey mpaka ujana ukamwishia. Louis mwenyewe, aliyetetea mkanda mara 25, alikaa miaka minne bila kuutetea kwa sababu ya vita. Ali walimkata miaka mitatu na nusu iliyo mitamu kuliko yote. Kwa hiyo unapofungua rekodi, kumbuka inakuonyesha mapambano waliyopigana tu. Waliyonyimwa hayaandikwi.

Sasa kwa nini mwanafunzi wa Elimu ajisumbue na haya? Kwa sababu kwenye kozi yetu ya upimaji na tathmini jambo la mwanzo kabisa ni hili: alama peke yake haisemi kitu. 70 ya mtihani gani? Waliofanya walikuwa nani, na walifundishwa nini? Lakini tukitoka darasani tunasahau. Mara ngapi tumeambiwa na wazee wetu kwamba digrii za siku hizi ni makaratasi, wasomi walikuwa wao? Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza nchini, pale Dar es Salaam, kilianza na kitivo kimoja cha Sheria na wanafunzi wasiofika hata 15. Sisi darasa moja tu tunasikiliza mhadhara wengine wakiwa wamesimama mlangoni. Silisemi hili ili tujione bora. Nasisi tuna ujinga wetu, tukidai wazee wasingeweza kazi za leo kwa kuwa hawakuwa na intaneti, wakati wao waliandika tasnifu nzima kwa mkono. Nasema tu kwamba huo ndio ule ubishi wa Ali na Tyson usio na mwaka wala sheria.

Na madhara yake si ya kuchekesha. Shule niliyokwenda BTP mwaka jana kulikuwa na mwalimu ambaye kila akirudisha daftari aliwaambia kidato cha pili kwamba kaka zao walikuwa na akili kuliko wao. Hao kaka zao walisoma wakiwa wachache, na mwalimu wa hisabati walikuwa naye toka kidato cha kwanza. Hawa walikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa somo hilo. Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono wiki nilipoanza. Nilipoondoka alikuwa hanyooshi tena. Hakuna mtihani uliompima na kaka zake kwa haki. Aliambiwa tu ameshashindwa pambano ambalo halikuwahi kupigwa.

Wengi wetu tutaingia kazini kupima watu: walimu, wahasibu, mahakimu, maofisa utumishi. Tukizoea kutoa hukumu bila kuuliza "yupi, kwa sheria zipi, na nani alinyimwa nini", kuna watu watalia kwa sababu yetu. Ndiyo maana naupenda ubishi wa ngumi. Ni mahali pa kufanyia mazoezi ambapo ukikosea haumii mtu.

Msije mkasema nimekwepa swali. Namchukua Ali wa 1966 na Tyson wa 1988, raundi 12. Tyson ana hoja yake, na ni ngumi ya pembeni ya mkono wa kushoto: Henry Cooper alimwangusha Ali kwa hiyo 1963, Frazier naye 1971, na Tyson anaitupa kwa kasi kuliko wote wawili. Raundi nne za mwanzo sitakaa kwenye kiti. Lakini Ali ana mita 1.91 dhidi ya 1.78, mikono yake inamzidi Tyson kwa sentimita kama 18, na anajua kukumbatia. Bonecrusher Smith na Tony Tucker, ambao hawakuwa na nusu ya ufundi wake, walifika raundi ya 12 na Tyson mwaka 1987. Douglas akaja kuonyesha kinachotokea mrefu mwenye mkono wa kushoto mrefu akikataa kuogopa. Ali kwa pointi.

Wa Tyson mnakaribishwa. Ila njooni na mwaka wenu mkononi.