Kuku akikoroma, usimpe dawa ya mtoto

Katika nyumba nyingi mambo huanza hivi. Usiku kuku mmoja anasikika akikoroma bandani. Asubuhi anakutwa amejikunyata pembeni, kamasi zinamtoka na jicho moja limevimba. Mama anakumbuka vidonge vya rangi mbili vilivyobaki mtoto alipougua kikohozi. Anafungua viwili na kuvikoroga kwenye maji ya kuku. Jioni anaokota mayai, na kesho yake moja linachemshwa kwa ajili ya mtoto yuleyule.

Hapo kuna makosa mawili, na yote yanaishia kwenye sahani ya mtoto.

Kosa la kwanza ni kutibu ugonjwa usiojulikana. Kukoroma, kupiga chafya na kutoa kamasi ni dalili za magonjwa zaidi ya moja. Mafua ya kuku husababishwa na bakteria: uso huvimba, kamasi hunuka na utagaji hupungua. Maikoplasma huenda taratibu. Kuku hukoroma kwa wiki kadhaa, na ugonjwa huweza kupitia kwenye yai hadi kwa kifaranga.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, husababishwa na virusi. Kuku huhema mdomo wazi, huharisha kijani, mabawa hulegea na shingo hupinda. Banda ambalo halikuchanjwa linaweza kubaki tupu ndani ya siku chache. Kideri hakina tiba. Antibayotiki haiui virusi, na maji ya mwarobaini, shubiri au pilipili hayakiponyi.

Kosa la pili ni mabaki ya dawa. Dawa anayopewa kuku huweza kuingia kwenye nyama na mayai. Ndiyo maana lebo ya dawa ya mifugo hueleza siku za kusubiri kabla ya kula. Kidonge cha binadamu hakina maelezo hayo, wala kipimo cha kuku.

Tena, dozi ya kubahatisha huua bakteria dhaifu na kuwaacha walio sugu. Hao hawabaki bandani. Huingia ndani kwa mikono, viatu, kinyesi na nyama isiyoiva. Siku mtoto akiugua kweli, dawa iliyokuwa ikimponya inaweza kushindwa.

Basi mzazi afanye nini?

Kwanza, amtenge kuku mgonjwa mara moja, na chombo chake cha maji kiwe peke yake. Kisha amwite afisa mifugo wa kata au mtaa. Akipewa dawa, aulize maswali mawili: inatolewa kwa siku ngapi, na mayai yaachwe kuliwa kwa siku ngapi. Kuku wengi wakifa ghafla, taarifa itolewe siku hiyohiyo, kwa kuwa mafua ya ndege nayo huweza kuua hivyo, na humwambukiza binadamu.

Kuku anayeumwa asichinjwe ili “kuokoa kitoweo”. Aliyekufa azikwe kwenye shimo refu au achomwe, asitupwe jalalani wala asipewe mbwa.

Pili, achanje kabla ya ugonjwa. Chanjo ya kideri ya I-2 hutolewa tone 1 kwenye jicho la kila kuku mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja hutosha kuku wengi, hivyo majirani wanaweza kuchangia na kuchanja siku moja. Anayechanja anawe mikono kabla ya kugusa macho yake.

Tatu, aangalie banda. Ainame hadi usawa wa kuku na kuvuta pumzi. Macho yakiwasha, hewa hiyo inaumiza vifua vya kuku pia. Maranda yenye unyevu yatolewe na madirisha yapitishe hewa. Kuku mpya kutoka mnadani akae peke yake wiki 2 hadi 3 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Kwa familia zinazolaza kuku ndani kwa kuhofia wezi, angalau wasilale chumba kimoja na watoto. Vumbi la kinyesi na manyoya huweza kuamsha pumu. Watoto wazuiwe kubusu vifaranga, na wanawe kwa sabuni kila watokapo bandani.

Na vile vidonge vya rangi mbili? Dozi ya mtoto ikimalizwa kama ilivyoandikwa, hakuna kitakachobaki cha kumpa kuku.