Tulishangilia mkate, tukasahau dola

Jameni wadau, wiki iliyopita nilimsindikiza binamu yangu kwenye duka la kubadilisha pesa hapa Mombasa. Yuko likizo kutoka Doha, na mfukoni alikuwa na dola 200. Alipopewa risiti akaigeuza mara mbili, akaniuliza: "We kaka, mbona hapa hakuna VAT? Na soda tu nimekatwa!"

Swali zuri. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliweka huduma nyingi za fedha kwenye orodha ya zilizosamehewa, na kubadilisha fedha za kigeni imo. Kwa nini? Kwa sababu pesa hailiwi. Ukibadilisha dola upate shilingi, bado hujanunua kitu. Unacholipia ni kazi ya duka, na malipo yake yamejificha kwenye bei.

Tuseme ubao umeandikwa: tunanunua 127, tunauza 130. Zile shilingi 3 ndizo riziki ya mwenye duka. Lakini dola ya binamu itauzwa lini, na kwa bei gani? Hata keshia hajui. Sasa hiyo 16% utaitoza kwenye nini? Ukitoza shilingi 3, ni senti 48 kwa kila dola, yaani shilingi 96 kwa dola 200. Ukitoza hesabu nzima ya shilingi 25,400, ni shilingi 4,064! Ulaya swali hili lilifika hadi Mahakama ya Haki, kesi ya First National Bank of Chicago, mwaka 1998. Mahakama ikasema malipo ya benki ni faida halisi ya miamala yake yote ya kipindi fulani. Kwa hiyo huwezi kuyasoma kwenye risiti ya mtu mmoja.

Hebu sasa turudi 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka kuondoa msamaha huu. Tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba VAT ya mkate imeondolewa, na ya huduma za fedha na ubadilishaji wa fedha za kigeni pia. Wengi tulishangilia mkate. Tarehe 25 vijana wakaingia Bunge, wengine wakapoteza maisha, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini muswada wote. Ile ya dola ikapita kimya kimya, kama haikuwahi kuwepo.

Tusidanganyane lakini: kusamehewa si sawa na kutolipa kabisa. Mwenye duka analipa VAT kwenye kodi ya pango na kwenye kompyuta, na kwa kuwa huduma yake imesamehewa hawezi kuidai irudi. Anaifidia wapi? Kwenye zile shilingi 3. Kwa hiyo binamu alikatwa kidogo, ila risiti haikumwambia.

Hata hivyo naunga mkono msamaha ubaki, na sababu yangu ni moja. Kampuni kubwa inayoagiza mali nje imesajiliwa kwa VAT, kwa hiyo ikitozwa kwenye dola ina njia ya kuidai. Mama anayepokea pesa za mwanawe wa Doha hana pa kudai. Mwanafunzi anayenunua dola za ada hana pia. Mzigo ungewashukia wasiosajiliwa, yaani mimi na wewe. Na mwaka 2023 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4 na ushee. Hicho ni chungu kinachotamanisha, na mtu akishakichungulia mara moja, atarudi.

Muswada wa Fedha huja bungeni kila mwaka. Ukiupata usiishie kwenye mkate. Shuka mpaka pale kwenye maandishi madogo.

Haya, huo ni mtazamo wangu. Nyinyi mnasemaje? Msamaha ubaki au wenye mabenki walipe?