Tutembee pamoja hadi kwenye raha zilizotoweka
KUTOKA BONDE LA NZOIA
Na Nekesa Wanyonyi

Nina pendekezo kwa vyama vya akina mama, vikundi vya vijana, walimu na wastaafu wa Tongaren. Kuanzia mwezi ujao, kila kikundi kitenge ukurasa katika daftari lake, baada ya kurasa za akiba na mikopo, na kiandike humo kilomita ambazo kila mwanachama ametembea au kukimbia. Mwezi ukiisha, kilomita hizo zijumlishwe ziwe mali ya kikundi kizima. Tena kila mwezi upewe jina la mahali ambapo watu wa Afrika Mashariki walikwenda kujiburudisha zamani, mahali ambapo leo pametoweka au pamebadilika kabisa. Safari ya mwezi iwe ni kufika huko kwa miguu, kwa hesabu ya daftari.

Mtindo huu umeanzia mbali. Huko Marekani, wapenzi wa bustani kubwa za michezo huunda vikundi vya mazoezi na kuchagua burudani iliyokwisha kufungwa kuwa kaulimbiu ya mwezi. Wapo wanaoikumbuka River Country, bustani ya maji ya Disney kule Florida iliyofunguliwa 1976 na kufungwa 2001, au nyambizi za 20,000 Leagues Under the Sea zilizobeba wageni katika bustani jirani kati ya 1971 na 1994. Hakuna anayeshindania kikombe. Kila mtu huleta alichoweza. Nimelipenda wazo hili kwa sababu amri ya daktari huchosha upesi, ila kisa kizuri miongoni mwa watu unaowapenda hakichoshi.

Mazoezi ya pamoja ya kila mwezi nayo si mageni kwa majirani zetu. Jiji la Kigali lilianza Mei 2016 kufunga barabara zake kwa magari asubuhi moja ya Jumapili kila mwezi ili watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Mwaka wa 2018 siku hiyo ikaongezwa kuwa mara mbili kwa mwezi, na wananchi hupimwa sukari na presha papo hapo bila malipo. Nchini Tanzania, Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais aliagiza Desemba 2016 kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Zanzibar nao huufungua mwaka kwa mazoezi ya viungo kila Januari 1, vikundi vikipita mitaani kwa maandamano. Sisi Wakenya, tunaoitwa taifa la wanariadha, tumeridhika kuwatazama mabingwa wetu kwenye runinga.

Najua jibu litakalotolewa sokoni Ndalu na Naitiri: mkulima hahitaji mazoezi, jembe linamtosha. Kwa anayelima kwa mkono ni kweli, naye akipalilia mahindi yake Mei hadi jua linatua, sina la kumwongezea. Lakini tuangaliane vizuri. Mashamba mengi siku hizi hulimwa kwa trekta la kukodi. Mwalimu hukaa akisahihisha vitabu, mwenye duka hukaa kwenye kaunta, kijana wa boda boda hukaa juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku. Na sisi abiria wake, tangu pikipiki ndogo zilipoondolewa kodi ya VAT mwaka wa 2008 na kuenea hadi vijijini, tumeacha kutembea hata umbali ambao mama zetu waliuita jirani. Mtu anapanda boda boda kutoka kanisani hadi nyumbani, na nyumbani kwenyewe anakuona kutoka mlangoni mwa kanisa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya kila 4 nchini alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hawa ndio tunaowazika Ijumaa na Jumamosi tukisema alianguka ghafla. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku, siku 5. Nusu saa ya kutembea kwa mwendo wa kawaida ni kama kilomita 2. Hatuhitaji viatu vya bei wala ukumbi wa kulipia.

Wala tusitishwe na hesabu ya hatua 10,000 inayotajwa kila mahali. Ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka wa 1965, na mwili hauna mstari unaoanza hapo. Mwenye simu janja ausome umbali wake humo, mwenye kabambe ahesabu kwa alama anazozijua: kutoka kwake hadi kinu cha posho, kutoka kinu hadi shuleni. Mtu mmoja mwenye pikipiki apime umbali huo mara moja tu kwa mita yake, katibu aandike, na kikundi kizima kitautumia mwaka mzima.

Sasa nije kwenye raha zenyewe, kwa maana hapo ndipo utamu ulipo.

Mwezi wa kwanza nauita Bububu. Kisiwani Unguja palikuwa na reli ndogo iliyojengwa mnamo 1905 na Wamarekani, kutoka Ngome Kongwe mjini hadi kijiji cha Bububu, na ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Iliwabeba wenyeji kila siku, na meli za abiria zilipotia nanga, watalii waliipanda kwa kujifurahisha tu, waone mashamba ya minazi na mikarafuu. Njia nzima ilikuwa maili 7, yaani kilomita 11. Huu ni mwezi wa wanaoanza: hata bibi mwenye magoti mazito, akienda nusu kilomita asubuhi na kupumzika anapochoka, atafika Bububu kabla mwezi haujaisha. Akifika apigiwe vigelegele na kikundi chote.

Mwezi wa pili turudi nyumbani, kwenye garimoshi la Kitale. Reli ya kutoka Leseru ilifika Kitale mwaka wa 1926, ikipitia Soy na Moi's Bridge, pale Mzungu Cecil Hoey alipojenga daraja lake juu ya mto Nzoia. Njia hiyo ni takriban kilomita 65. Wazee wetu wengi walioingia Tongaren miaka ya 1960, serikali iliponunua mashamba ya walowezi na kuyagawa katika mpango wa ekari milioni moja, waliijua honi ya garimoshi kabla ya kuijua honi ya matatu. Mwezi huu nataka twende kwa jozi, mzee na kijana. Kijana atembee 45, mzee atembee 20, jumla itimie. Na wanapotembea pamoja jioni, mzee asimulie safari ya garimoshi: vikapu vya kuku, ndizi zilizouzwa dirishani, moshi machoni. Kijana atasikia mambo ambayo hakuna shule iliyomfundisha.

Mwezi wa tatu ni wa Stoneham. Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake karibu na Kitale mwaka wa 1926, akijaza wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji. Alipofariki mwaka wa 1966, mkusanyo huo akawa ameurithisha taifa, na mwaka wa 1974 ukafunguliwa katika jengo jipya, ndilo Makumbusho ya Kitale ya leo. Jumba la kwanza limekwisha, lakini la pili lina kijia cha kupita msituni, na mwezi huo ukiisha kikundi kinaweza kuchanga nauli na kwenda kukitembea kwa miguu halisi, watoto wakiwamo.

Ipo pia miezi ya gari la sinema, lililofika sokoni jioni likitangaza sabuni na majani ya chai kisha likatundika kitambaa cheupe na kutuonyesha filamu. Na ya Luna Park pale Uhuru Park, ambako mtoto aliyetoka magharibi kwenda Nairobi aliiona kwa mara ya kwanza bembea ya mduara inayozidi urefu wa miti.

Kikundi kikishapata nguvu, kichukue safari kuu: treni ya zamani ya abiria kutoka Mombasa hadi Kisumu. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka wa 1901, maili 582, karibu kilomita 937. Inatisha ukiitazama peke yako. Lakini wanachama 20, kila mmoja akitembea kilomita 2 kwa siku 24 tu, wanapata 960. Wamefika Kisumu na zimebaki za kuzungukia mji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa ndipo chama kinapotushinda sote kwa hekima. Mama wa Bungoma haweki akiba kwa sababu ametishwa na benki. Anaweka kwa sababu Alhamisi ataketi na wenzake, jina lake litasomwa, na hataki kuwaangusha. Nguvu hiyo hiyo itamwamsha kutembea. Ila nawasihi viongozi: kwenye ukurasa huu msitoze faini. Asiyefikisha asisomewe mbele ya watu. Aulizwe kwa upole kama ana mgonjwa nyumbani, na anayeishi karibu naye apitie kwake kesho asubuhi waende pamoja. Mazoezi yakiwa adhabu, yatakufa mwezi wa pili.

Tena kutembea kwa kundi tunakujua. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mvulana anayejiandaa kwa tohara hushika njuga zake za chinyimba, akazigonga kwenye vyuma vya mikononi na kwenda kuwaalika jamaa kutoka boma hadi boma. Hufika kwa mjomba, akavishwa pande la nyama shingoni, akageuka na kurudi. Nyuma yake kijiji kizima kinakimbia na kuimba: wasichana, vijana, akina mama waliofunga leso kiunoni. Kilomita zinapita na hakuna anayelalamika miguu. Tukiweza hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja, tunaweza kwa ajili ya afya zetu.

Mambo machache ya kuzingatia. Tembeeni asubuhi, kwa kuwa mvua zetu hupenda alasiri. Kwenye lami ya Misikhu hadi Brigadier, piteni upande ambao magari yanawajia usoni, na akina mama wasiende mmoja mmoja gizani. Siku ya kujumlisha isiwe Jumamosi wala Jumapili asubuhi, ili majirani zetu Waadventista na wenzao wa makanisa mengine wasiachwe nje. Mwenye presha au sukari apate kwanza ushauri wa daktari kuhusu kasi yake. Na siku hiyo mwalikeni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu Septemba 2023 wahudumu hao wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Mpimwe, mwandike, mwezi ujao mlinganishe.

Kwa mwakilishi wadi na machifu nina ombi dogo: msiligeuze jambo hili kuwa mkutano wa siasa wenye fulana na picha. Tengenezeni kingo za barabara ili mtu atembee bila kurukia mtaroni. Hilo likifanyika mmetusaidia sana.

Nanyi wasomaji wangu wa Tongaren, Kiminini, Kamukuywa hadi Webuye, msingoje mtu wa kuwazindulia. Mkutano wa chama ukifika wiki hii, mwambieni katibu afungue ukurasa mpya, aandike Bububu, kilomita 11, kisha majina yenu yafuate.