Kunoichi na kasha lenye vitako viwili

DIRISHA LA JUMAPILI
Na Mwanaidi Shekigenda

Binti wa dada yangu ana miaka 13, na ukuta wa chumba chake umejaa michoro ya wasichana waliovaa nguo nyeusi, nyuso wamezifunga, visu mkononi. Alianza na katuni za Naruto kama wenzake wa shule, akaingia kwenye filamu, na sasa analijua hata neno la Kijapani la wasichana hao: kunoichi, yaani ninja wa kike. Mwezi uliopita alinifuata jikoni. "Mama mdogo, hivi hawa walikuwepo kweli?"

Nilimwomba anipe muda. Mtoto anayetaka kujua kama mashujaa wake waliwahi kuishi anastahili jibu lililotafutwa.

Neno lenyewe ndilo lililobeba mkanganyiko wote. Herufi ya Kijapani inayosomeka "mwanamke" huandikwa kwa mikato mitatu ya brashi. Ukiitenganisha mikato hiyo unapata ku, no na ichi. Ni fumbo la mwandiko, ndugu yake ule mchezo wetu wa pwani wa kusema kinyume ili mgeni asifuate mazungumzo. Katika Japani ya kale kunoichi alikuwa mwanamke, basi. Muuza samaki ni kunoichi, bibi harusi ni kunoichi. Upanga haumo kabisa ndani ya neno hili.

Limeingiaje basi katika mambo ya ujasusi? Mwaka 1676 mtu wa jimbo la Iga aitwaye Fujibayashi Yasutake alikusanya maarifa ya wapelelezi wa Iga na Koka katika kitabu kikubwa, Bansenshukai. Humo kuna sehemu inayoeleza mbinu ya kunoichi: pale ambapo mwanamume hawezi kupenya, mtumie mwanamke. Mwanamume naye anatajwa kwa fumbo la namna hiyohiyo, kwa kuwa herufi yake imeunganishwa na "shamba la mpunga" na "nguvu". Penye ngome iliyoshinda nguvu, anatangulia kunoichi.

Mbinu inayofuata ndiyo iliyonikalisha macho usiku. Mwanamke anaingizwa katika nyumba ya adui kama mtumishi. Anafanya kazi, anazoeleka, anaaminiwa na mke wa mwenye nyumba. Siku moja anamwomba bibi yake ruhusa: kuna kasha lake la nguo aliloliacha mahali, angependa liletwe. Bibi anakubali, walinzi wa lango wanaarifiwa, kasha linapita. Lina vitako viwili. Juu zimekunjwa nguo, na chini yake amejikunja mwanamume aliyetumwa kuingia.

Tafakari kazi aliyoifanya mwanamke huyo. Mwanamume alivumilia giza la kasha kwa muda wa safari. Mwanamke aliishi ndani ya uongo siku baada ya siku, akila na watu wa nyumba ile, akijua kwamba neno moja likimponyoka hatatoka hai. Na baada ya kasha kufunguliwa alibaki palepale, katikati ya watu aliowasaliti. Hana kisu mkononi, wala hapandi kuta, lakini nimesoma mengi ya vita na sijui ujasiri unaozidi huo.

Kitabu chenyewe hakimheshimu. Kinaonya kwamba moyo wa mwanamke ni mpotovu na akili yake haina kina, hivyo anayemtuma awe mwangalifu. Wanaume walimtegemea kwa jambo lililowashinda, kisha wakamwandika hivyo. Sehemu ile haimpi hata jina.

Lazima niwe mwadilifu hapa. Mwaka 1676 vita vya mabwana wa Japani vilikuwa vimekwisha miongo mingi nyuma, na Fujibayashi alikuwa akihifadhi elimu ya wazee wake. Kuandika namna jambo linavyofanywa si ushahidi kwamba mwanamke fulani, siku fulani, alilifanya. Lakini mbinu hiyo ilifundishwa, na inamhusu mtumishi wa ndani. Hakuna popote katika maelezo hayo kikosi cha wanawake wenye silaha.

Zile nguo nyeusi nazo ni za jukwaani. Kitabu kingine cha wapelelezi, Shoninki cha mwaka 1681, kinataja sura saba za kujigeuza, zikiwemo za mtawa, mchuuzi na mcheza viinimacho. Mpelelezi alitaka kufanana na mpita njia yeyote. Weusi ulikuwa vazi la wasaidizi wa jukwaa katika maigizo ya kabuki, ambao watazamaji walikubaliana kutowaona. Mwaka 1817 mchoraji Hokusai alichora mtu wa nguo nyeusi akipanda kamba, na picha ya namna hiyo ndiyo iliyodumu. Imetufikia hadi huku, kiasi kwamba kufunga uso ukaacha macho tu tunakuita "kininja".

Nilijua swali lingekuja kuhusu Mochizuki Chiyome, kwa sababu binti yetu ana mchoro wake. Hadithi inasema hivi: mumewe aliuawa katika vita vya Kawanakajima mwaka 1561, na bwana wa vita Takeda Shingen akamkabidhi mjane huyo kazi ya siri. Katika kijiji cha Nezu alikusanya wasichana yatima mia mbili au tatu, akawafundisha upelelezi, akawatawanya nchini wakijifanya wanawake wa madhabahu.

Wanawake wa madhabahu wa kutembea walikuwepo, na Nezu ilikuwa kweli makao yao. Walizunguka vijijini wakiombea watu na kupandisha roho za marehemu zikasema na wafiwa. Mwaka 1930 mwanahistoria Nakayama Taro alichapisha kitabu kuwahusu, na Chiyome anatokea humo kama mkuu wao. Ujasusi hautajwi. Huo ulibandikwa baadaye, hasa na waandishi wa miaka ya 1970, na tangu hapo kila kitabu kinanakili kilichotangulia. Katsuya Yoshimaru wa Chuo Kikuu cha Mie, ambako historia ya ninja ni somo la utafiti, ameufuata uzi huu hadi mwanzo wake asikute hati ya zama zile inayomthibitisha Chiyome jasusi.

Waandishi hao wa miaka ya 1970 walikuta ardhi imeshalimwa na mtunzi wa riwaya. Yamada Futaro alianza hadithi zake za ninja mwaka 1958, na baada ya muda mfupi akaandika riwaya ambayo jina lake lenyewe lina neno kunoichi. Wanawake wake wanapigana kwa miili yao na kwa uchawi. Filamu ikafuata mwaka 1964, kisha vitabu vya katuni, na mwaka 1984 Wamarekani nao wakatoa Ninja III, yenye mwanamke anayepandwa na roho ya ninja. Neno lililomaanisha mwanamke yeyote likawa jina la mrembo muuaji.

Riwaya ni riwaya, na Yamada hakumdanganya mtu. Kinachoniuma ni wale wanaoichukua kazi yake na kuiuza kama historia, huku wanawake waliopigana kweli wakikaa bila kusomwa. Mwaka 1868, jeshi la mfalme lilipolishambulia jimbo la Aizu, Nakano Takeko aliongoza kundi la wanawake vitani ingawa wakuu wa jeshi hawakuwatambua rasmi. Silaha yake ilikuwa naginata, mti mrefu wenye upanga nchani, dhidi ya bunduki. Alipigwa risasi akiwa na miaka 21, na dada yake akakikata kichwa chake ili adui asikitwae, kikazikwa katika hekalu la Hokai-ji. Katika vita hivyohivyo, ndani ya ngome ya Aizu, Yamamoto Yaeko alipigana kwa bunduki ya Spencer. Aliishi hadi mwaka 1932, akashirikiana na mumewe kujenga shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Doshisha, na picha zake za kamera zipo hadi leo.

Haya yote nilimweleza binti yetu Ijumaa, tumeketi sakafuni kati ya kalamu zake. Hakubandua mchoro hata mmoja, nami sikumwomba abandue. Aliniuliza zaidi kuhusu kasha: lilikuwa na upana gani, mtu alipumuaje humo, na yule mwanamke alilala wapi usiku wa kuamkia siku ya kuliomba. Kisha akachukua karatasi mpya, akaanza kuchora mwanamke aliyeshika ufagio.