Tufundishe na Breki

Nikiwa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi aliniuliza: "Mwalimu, mbona askari wa mwili hawatupigi sisi wenyewe?" Nikakwama.

Kumbe wakati mwingine wanatupiga; kisukari aina ya kwanza huanza hivyo. Wanaowazuia ni seli T za udhibiti, ambazo utafiti wake uliwapa Sakaguchi, Brunkow na Ramsdell Tuzo ya Nobel 2025. Seli za mapigano huchoma sukari fasta; hizi za amani hutegemea zaidi mafuta. Kwa panya imeonekana pia kwamba bakteria wa utumbo wakichachusha nyuzinyuzi hutoa butireti, nayo huziongeza.

Yaani mlo nao unahusika. Walimu wenzangu watarajiwa, tukifundisha vita pekee tumefundisha nusu somo. Mtoto mwenye kisukari atajielewaje?