Mbeba Fimbo Naye Apewe Zamu ya Kupiga

Mpenzi msomaji, najua utastaajabu. Mimi niliyezowea kukuletea habari za mashairi na maulidi, leo nimeingia katika gofu, mchezo ambao wengi wetu huku Pwani huutazama kwa mbali, nje ya ua wa waya. Nakuomba usinihukumu mapema. Nisome hadi mwisho, kisha uamue.

Sisi tuliokulia Mombasa uwanja wa gofu twaujua tangu utoto. Uko kando ya bahari, si mbali na kivuko cha Likoni, na klabu yake ilianza mwaka 1911. Tukitoka chuoni kwa mwalimu, tulikuwa tukizihifadhi juzuu zetu mahali pasafi kisha tukateremka majabalini kutafuta vipira vilivyopotea. Aliyeokota alimrudishia mwenyewe, akapewa thumuni yake, akenda mbio kununua mabuyu. Thumuni ilinitosha. Haikunipitikia hata siku moja kuuliza: na mimi je, siwezi kukipiga?

Swali hilo limenijia utu uzima, tena mbali na bahari. Nilikwenda Kitale kwa arusi ya jamaa, na mwenyeji wangu akanitembeza hadi Kipsongo, mtaa wa maskini kando ya mji. Wakazi wake wengi ni Waturkana, ambao wazee wao walipanda kutoka kaskazini wakikimbia ukame na wizi wa mifugo. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Katika shamba lililobaki mabua matupu nikamwona kijana anapiga kipira kwa kipande cha bomba la maji alichokipinda ncha. Kipira kilipaa, kikaanguka pale pale alipokuwa amesimamisha kopo.

"Umejifunza wapi, mwanangu?" nikamwuliza.

"Mimi ni kedi, mzee. Nabebea watu fimbo. Naangalia mikono yao."

"Na wewe huruhusiwi kucheza?"

Akacheka. "Siku ya makedi kucheza iko, mzee. Fimbo ndiyo sina."

Jawabu hilo nililala nalo. Mlango haukufungwa, walakini kijana hana cha kuingilia nacho.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili si dogo. Nchi yetu ina wachezaji gofu wa kulipwa, na wana msimu wao kama vile wavuvi walivyo na kaskazi na kusi. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakizunguka uwanja hadi uwanja katika mashindano ya Safari Tour, na huku kwetu Nyali ilikuwa mojawapo ya vituo. Kila kituo huchukua siku kadhaa. Baada ya duru za mwanzo hupitishwa panga: walio juu wanaendelea, walio chini wanafungasha. Aliyekatwa harudi na hata senti, ilhali nauli ametoa, malazi amelipa, na mbeba fimbo wake anamngoja. Alama hujumlishwa msimu mzima, na wanaoongoza ndio wapatao nafasi katika mashindano makuu ya Kenya Open. Huko ndiko kwenye fedha: mwaka 2025 zawadi zote pamoja zilifika dola milioni 2.5.

Mashindano hayo makuu yalianza mwaka 1967, na tangu 2019 yamo katika daraja la juu la mzunguko wa Ulaya. Mwingereza ameshinda, Mhispania ameshinda, Mtaliano na Mchina pia. Mkenya hajashinda hata mara moja. Aliyekaribia mno ni Jacob Okello mwaka 1998: alilingana na Ricardo González wa Argentina, wakarudi uwanjani kuamua, na kombe likaenda Argentina. Hata katika msururu wetu wa nyumbani, Robson Chinhoi wa Zimbabwe amekuja mara kwa mara akawatoa jasho wenyeji.

Hupenda kusemwa kwamba sisi hatuna vipaji, kwamba gofu ni mchezo wa matajiri. Mimi nasema vipaji tumevibebesha mizigo. Mtazame Dismas Indiza wa Mumias, mji wa miwa usio mbali na Bungoma. Yeye amekuwa miongoni mwa majina makubwa ya misimu yetu kwa miaka mingi, naye alianza kwa kubeba fimbo za wengine. Na wako wenzake wengi wenye asili hiyo hiyo. Chuo kikuu cha gofu ya Kenya ni begani mwa kedi, ila hakuna anayelipa karo ya chuo hicho.

Tena mfano mkubwa zaidi tuliupokea hapa hapa nchini tusiuzingatie. Aliyetwaa Kenya Open mwaka 1978 alikuwa kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros. Huyu alizaliwa Pedreña, kijiji cha pwani, katika nyumba ya watu wa kawaida. Alikuwa kedi. Uwanjani hakuruhusiwa kucheza apendavyo, basi akawa na fimbo moja tu ya chuma, akijifunzia mchangani kando ya bahari. Mwaka uliofuata ushindi wake wa Nairobi alitwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza, na mwaka 1980 akatwaa kombe la Masters kule Marekani. Fimbo moja, mpenzi msomaji! Nami nilipomkumbuka huyo, nilimwona tena yule kijana wa Kipsongo na bomba lake.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa Pwani hatupendi kulisema, nami nitalisema. Wazee wa Kitale husimulia kwamba mji wao ulikuwa kituo cha misafara ya watumwa iliyotoka pande za Uganda kuelekea Bagamoyo, na kwamba klabu ya gofu ya mji huo imejengwa mahali ambapo watumwa walilazwa wakilindwa. Misafara hiyo haikuongozwa na watu wa mbali. Wamo waliozungumza lugha hii ninayokuandikia, wakasali kibla hiki hiki. Mtu alibebeshwa pembe ya ndovu kichwani, na alipofika pwani akauzwa yeye pamoja na mzigo wake. Sisemi kedi ni mtumwa, la hasha! Kedi ni mfanyakazi huru mwenye ujira, nasi tulifunzwa tangu chuoni kwamba ujira hulipwa kabla jasho halijakauka. Lakini katika ardhi kama ile, mwenye kumwona mchukuzi ni mabega tu, asimwone mtu, anakumbusha mabaya.

Basi nini kifanyike? Najua watu wa klabu watasema wao si wizara ya misaada, na uwanja una gharama zake: nyasi, maji, mishahara. Ni kweli. Wala siwaombi sadaka. Naomba mambo matatu tu. Kwanza, kila klabu iwe na seti chache za fimbo kuukuu, ambazo kedi ataazima siku yake ya kucheza. Aghalabu zimo kabatini mwa wanachama zikishika kutu. Pili, kila kituo cha msimu kitenge nafasi mbili au tatu za kushindaniwa na makedi wa mahali hapo, bila ada ya kuingilia. Tatu, wafadhili wanaobandika majina yao kila mahali wamlipie kedi aliyefuzu nauli na malazi mpaka kituo cha pili. Gharama ya hayo ni tone katika bahari ya dola milioni 2.5.

Nasi wa Mombasa tusijitoe. Nyali wako makedi, mjini wako makedi, na wengine ni watoto wa jirani zetu. Tuwaulize walichoulizwa wachache: wewe je, wapiga?

Nikiwa garini kurudi Pwani niliandika ubeti huu, nami namtunuku yule kijana:

Achukuaye mzigo, si mzigo naye pia,
Usimpe tu kisogo, kwa kuwa akubebea,
Mpe fimbo japo ndogo, shimo apate lengea,
Huenda huyu mdogo, kombe akatutwalia.