Jeddah Si Mbali, Njia Ndiyo Iliyopindwa

Sisi tuliosomea chuoni, juzuu mapajani na kifimbo cha mwalimu kichwani, tuliijua kibla kabla ya kuijua ramani. Kwetu Mvita kibla ni neno la sala, na pia ni neno la upande: mtu akisema upepo watoka kibla, ana maana ya kaskazini. Nilikuwa mtu mzima nilipoona kwamba wazee hawakubahatisha. Mombasa na Makka ziko karibu juu ya mstari mmoja, nyuzi 39 na kitu mashariki.

Basi chukua uzi, msomaji, uunyoshe kutoka Kiwanja cha Ndege cha Moi hadi kile cha Mfalme Abdulaziz, Jeddah. Utapita jirani na Garissa, utaikata Uhabeshi, utaichungulia Massawa, kisha uvuke Bahari ya Sham. Ni kilomita 2,860 hivi. Jeti huzimaliza kwa muda wa saa nne.

Mimi nilipokwenda umra nilikaa njiani mchana na usiku. Nilipelekwa Nairobi, kisha Dubai, ndipo nikarudishwa magharibi. Nimezijumlisha: yapata kilomita 5,670, karibu maradufu! Pale Dubai bibi mmoja mkongwe wa Kisauni aliniuliza, "Mwanangu, tushawasili?" Nikamjibu, "Bado, mama. Tumeipita, sasa twarudi."

Sina ugomvi na Nairobi. Kupitia huko peke yake hakuongezi ila kilomita 130 hivi. Kinachochosha ni kungoja, kushuka na kupanda, na kukaguliwa viatu.

Babu zetu walikuwa na udhuru wa kuzunguka. Kusi iliwapeleka hadi pande za Adeni, lakini wakishaingia Bahari ya Sham na kuikurubia Jeddah, upepo huwapiga usoni. Injini haingoji kusi.

Wenye biashara watanijibu kwamba ndege ya mahujaji huenda imejaa ikarudi tupu, na baada ya haji mambo hugeuka. Ni kweli, nami siwalaumu kwa kuhesabu. Lakini umra haina msimu mmoja kama haji; ndege ipelekayo watu wa wiki hii ingewarejesha wa wiki iliyopita. Isitoshe, kwa miaka mingi ndege za watalii zimetoka Ujerumani, zaidi ya kilomita 6,500, zikatua hapa Mombasa bila kugusa kwengine, na utalii nao una msimu wake. Iweje mgeni ajaye kuota jua apate njia iliyonyoka, na mwenyeji apindishwe?

Rai yangu ni kwamba mawakala wa safari wa Mombasa, Malindi na Lamu, badala ya kila mmoja kunyang'anyia abiria wake kumi, wakae pamoja, waweke hesabu zao mezani na kuwaendea wenye ndege kwa sauti moja.

Yule bibi alishuka Jeddah miguu imevimba. Kaaba aliizunguka akisukumwa kwenye kigari.